SCORTEN: alama saba za kupima hatari dawa inapobabua ngozi

Ugonjwa huu wa ngozi unaoletwa na dawa huanza na homa, macho mekundu na koo linalouma. Nyumbani watu hudhani ni malaria. Baada ya siku chache midomo inachubuka, malengelenge yanatoka, na ngozi inabanduka ikiguswa. "Dawa imemkataa," watu wa Lamu watasema, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Ngozi iliyobanduka ikiwa chini ya asilimia 10 ya mwili, madaktari huita ugonjwa wa Stevens-Johnson. Ikipita asilimia 30 huitwa nekrolisisi ya epidamisi, yaani kufa kwa tabaka la juu la ngozi, nao ni mkali zaidi. Kwa kukadiria, kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia 1 ya mwili wake.

SCORTEN ni hesabu ya kukadiria hatari ya kifo, iliyochapishwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 2000. Hupigwa ndani ya saa 24 tangu mgonjwa alazwe. Kila moja kati ya haya ni alama 1: umri wa miaka 40 au zaidi, saratani, mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika, na ngozi iliyobanduka zaidi ya asilimia 10. Tatu zilizobaki hutoka maabara: yurea (taka inayochujwa na figo) zaidi ya milimoli 10 kwa lita ya damu, sukari zaidi ya 14, bikaboneti (inayozuia damu isizidi asidi) chini ya 20.

Katika utafiti wa madaktari hao, wenye alama 0 au 1 walikufa wapatao 3 kwa kila 100. Kwa alama 2 walikuwa 12, alama 3 walikuwa 35, alama 4 walikuwa 58, na kuanzia alama 5 walikuwa 90. Naomba sana familia isikate tamaa kwa kusikia "alama nne", kwani hesabu hiyo ni ya kundi la wagonjwa, haisemi fulani atapona au hatapona. Kazi yake kubwa kwetu ni kuonyesha nani asicheleweshwe. Kutoka Hospitali ya King Fahd hapa Lamu kwenda Mombasa kuna boti hadi Mokowe, kisha barabara ndefu kupitia Witu, na mwili usio na ngozi hupoteza maji na joto huku vijidudu vikiingia. Dripu ianze kabla ya safari, na mgonjwa afunikwe vizuri.

Kabla ya yote, dawa inayoshukiwa isimamishwe. Zinazojulikana zaidi ni septrini, dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, alopurinoli ya gauti, na nevirapini ya VVU. Ugonjwa huu kwa kawaida hutokea kati ya siku 4 na 28 baada ya kuanza dawa, kwa hiyo leteni hospitali hata pakiti zilizokwisha.

Macho hayamo katika SCORTEN, na aliyenusurika anaweza kubaki na makovu yanayomharibia uoni. Daktari wa macho aitwe mgonjwa akiwa bado wodini. Jina la dawa iliyomdhuru liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, asipewe tena maisha yake yote.