Arobaini Si Jina la Mashine

Jana jioni simu tena. "Fundi, mwambie mtu wako wa Dar anitumie pistoni ya mashine ya boti, Yamaha 40, kwa basi la usiku." Namuuliza, arobaini ipi? "Aah, fundi nawe! Arobaini si arobaini?"

Hapana. Nimelisema hili huku Tanga: nimelisema Deep Sea, nimelisema Sahare, nimelisema Kigombe hadi koo limekauka. Leo naliandika, ili anayeuliza tena nimtumie asome.

40 ni nguvu ya mashine, yaani farasi arobaini. Haikuambii ina silinda ngapi wala shimo lake lina upana gani. Enduro E40X, hii iliyojaa pwani yetu, ina silinda mbili zenye shimo la milimita 80. Yamaha hao hao wametengeneza 40V yenye silinda tatu, shimo milimita 67. Zote arobaini. Msimu wa kusi uliopita nahodha mmoja aliletewa pistoni ya 67 kwa mashine ya 80. Akaishika kwa vidole viwili juu ya silinda, akaiachia, ikazama mpaka chini bila kugusa ukuta. Boti ilikaa mchangani siku tatu, na mabaharia wake wanne wakarudi nyumbani mikono mitupu. Siku hizo tatu ndizo zinazoniuma.

Wala usinisomee namba ya kwenye kava. Kava linavunjika, linanunuliwa jingine, linapakwa rangi. Nenda kwenye bano linaloshika shetri, nyuma ya boti. Ukitazama omo, mbele ya boti, ni upande wa mkono wa kushoto, au juu kidogo kwenye kiungo kinachoigeuza mashine. Pana kibandiko. Kioshe kwa maji ya sabuni na kitambaa. Msasa na brashi ya waya weka mbali, maana wengi wamelifuta jina la mashine yao kwa mikono yao wenyewe.

Utakuta, tuseme, E40XMHL. E ni Enduro. X ni toleo. M, inawashwa kwa kamba. H, inaongozwa kwa mpini wake yenyewe, si kwa usukani. L, mguu mrefu (sehemu inayoshuka majini), inchi 20. Watu huiona ile X ya katikati wakadhani ni mguu wa inchi 25. Herufi ya mguu hukaa mwisho. Ukiona EK, hiyo ni ya mafuta ya taa, na mgandamizo wake ni mdogo, kwa hiyo kabureta na silinda hedi usiagize kwa kubahatisha.

Kisha tafuta alama tatu zilizo kabla ya namba ya mashine. E40X ni 66T. Hilo ndilo jina ninalolitaka mimi, kwa sababu namba za spea za Yamaha huanza na alama kama hizo. 63V-44352: 63V ni mashine ya Yamaha 15F, 44352 ni impela, ile feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza mashine. Ukihamia mashine nyingine, impela inabaki 44352, mwanzo ndio unaobadilika. Pistoni ya standadi ni 11631, ya 0.25, yaani iliyozidi standadi kwa robo milimita, ni 11635, ya 0.50 ni 11636. Ila spea ikija na mwanzo wa mashine nyingine usikimbilie kuirudisha. Mwanzo unaonyesha kilitengenezwa kwa ajili ya mashine ipi kwanza, na kiwanda hukitumia kitu hicho hicho kwenye mashine za baadaye. Kinachoamua ni kitabu cha spea cha mashine yako.

Wenye Johnson na Evinrude za zamani, tafuteni kizibo cha bati kilichogongwa maandishi kwenye bloku. Kuanzia 1980 mwaka umefichwa ndani ya neno INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, hivyo hivyo mpaka S, ambayo ni 0. CU ni 87, yaani 1987. OMC, waliokuwa wakizitengeneza, walifilisika Desemba 2000, na Evinrude ikaacha kutengenezwa 2020, kwa hiyo anzeni kutafuta spea kabla mashine haijafa.

Sasa linaloniudhi hasa. Mashine kuukuu ya huku kwetu si mashine moja. Bloku imetoka kwenye boti iliyozama, mguu umenunuliwa Pemba, kabureta ni ya shemeji. Bano ndilo linaloishi kuliko vyote, na kibandiko kinalisemea bano tu. Kwa hiyo hesabu plagi. Soma namba kwenye boksi la CDI, lile la umeme wa plagi. Kwangua masizi juu ya pistoni uone kama pamegongwa saizi. Silinda iliyochongwa hamsini, yaani 0.50, inataka pistoni ya hamsini na ringi za hamsini, hata kibandiko kiseme nini.

Na kupima kwenyewe kuna mtego. Mdomo wa silinda hauliki kama katikati, na silinda iliyolika hugeuka yai: pima huku, pima kule, majibu mawili. Standadi iliyochoka inaweza kujifanya 0.25 mbele ya kalipa ya mkononi, kile kipimo cha upana. Imenitokea zaidi ya mara moja, nikasimama na kalipa nisijue niamini kipimo kipi. Siku hizi nikifika hapo naibeba bloku kwa mchongaji mwenye geji ya kupimia ndani ya silinda. Pistoni ikija, naiweka kando ya ile kuukuu kabla sijamlipa mtu: kimo cha tundu la pini, vijipini vya kuzuia ringi, madirisha ya pembeni. Nimewahi kupokea kopi ambayo namba ya kwenye boksi ilikuwa sahihi, na tundu la pini limekaa juu zaidi. Ndiyo maana nawasihi msitupe kitu kibovu. Hata impela iliyokatika, kusanya mabawa yake yote. Lililokosekana limekwama kwenye njia ya maji, na impela mpya haitalitoa.

Yule wa jana aliwasha tochi, akashuka pwani. Saa nne usiku picha zikaingia: kibandiko 66T, boksi la CDI 6F5. Nimemwambia asiagize kitu. Alfajiri, maji yakitoka, naenda na kalipa.