Utafiti Uliofika Machi

Mtafiti akinipigia simu mwezi wa Machi kunieleza kwamba ripoti yake iko tayari na anataka serikali ichukue hatua, humuuliza: kwa bajeti ya mwaka gani? Wengi hunyamaza kidogo. Wamekaa na data miaka mitatu au minne, wamepita kwenye kamati za maadili, wamezunguka vijijini na madodoso, na hakuna aliyewahi kuwauliza swali hilo.

Kazi yangu hapa Nairobi ni kukaa katikati. Huku kuna watafiti, kule kuna maafisa wa wizara, kamati za Bunge na serikali za kaunti. Nachukua matokeo ya hawa, nawaandikia wale kurasa mbili tatu zinazosomeka. Naipenda kazi hii, na ndiyo maana huniuma ninapoona ushahidi mzuri umekwama mlangoni ilhali waliomo ndani wanauhitaji na walio nje wana nia njema.

Nianze na kalenda, kwa sababu ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kufikia Agosti 30 Hazina ya Taifa huwa imetoa waraka wa kuelekeza wizara jinsi ya kuandaa bajeti ya mwaka unaofuata. Kisha makundi ya sekta hukaa, afya, elimu, kilimo, miundombinu, kila moja likitetea fungu lake. Februari 15 Taarifa ya Sera ya Bajeti huwa imefika Bungeni, na Aprili 30 makadirio yenyewe. Kaunti nazo zina ratiba inayokwenda sambamba na hiyo. Sasa mtazame mtafiti wetu wa Machi. Atakaribishwa chai, atasifiwa, pengine hata atanukuliwa kwenye hotuba. Lakini fedha zimeshagawanywa. Angefika Septemba na ukurasa mmoja tu, angemkuta afisa ameshika kalamu, anatafuta sababu ya kuandika tarakimu hii badala ya ile.

Kalenda hata hivyo ni jambo la kujifunza kwa wiki moja. Lililonichukua miaka kulielewa ni jingine, na nililifundishwa na afisa wa serikali ambaye nilikuwa nimempelekea muhtasari niliojivunia sana. Ulikuwa na jedwali safi, gharama kwa kila mtoto, hata ramani. Alisoma wote mbele yangu, jambo ambalo si la kawaida, kisha akaniambia, "Daktari, hii ni nzuri sana. Lakini sijaona ni nani ataifanya." Nilipekua kurasa zangu pale pale nikitafuta jibu. Halikuwamo.

Tangu siku hiyo, kila ninapowafundisha vijana wanaoingia kazi hii, huwasimulia habari ya walimu wa mkataba.

Baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo mwaka 2003, madarasa yalifurika. Kuanzia 2005 watafiti walifanya jaribio katika shule za msingi magharibi mwa Kenya. Baadhi ya shule, zilizochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja wa ziada kwa mkataba wa muda mfupi, kwa takriban robo ya mshahara wa mwalimu wa serikali. Kamati ya shule ndiyo iliyomwajiri, na ndiyo iliyoamua kama mkataba ungeendelea. Watoto waliofundishwa na walimu hao walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani. Shirika lisilo la serikali ndilo lililosimamia mpango mzima.

Matokeo kama hayo ni chakula kitamu kwa mtunga sera: nafuu, na yanafaa. Serikali ikaamua kuajiri walimu 18,000 wa mkataba nchi nzima kuanzia 2010. Hapo likafanyika jambo la busara ambalo bado nalistaajabia. Kundi la watafiti, Wakenya Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu na Alice Ng'ang'a wakiwemo, walipata nafasi ya kuupima mpango huo ukiwa mchanga. Walichukua shule 192 katika mikoa yote minane ya wakati huo. Kwa kura tena, shule nyingine zilipata mwalimu wa mkataba chini ya shirika lisilo la serikali, nyingine chini ya wizara, na nyingine hazikupata. Mkataba ulikuwa ule ule na kazi ile ile. Palipokuwa na shirika, alama za watoto zilipanda. Palipokuwa na wizara, hazikupanda hata kidogo.

Soma tena sentensi hizo mbili za mwisho, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ninachojua kuhusu ushahidi na serikali. Walimu walitoka katika soko lile lile la ajira. Wanafunzi walikuwa wa nchi moja, mtaala mmoja. Kilichobadilika ni mkono uliobeba. Chini ya wizara mishahara ilichelewa zaidi na usimamizi ulikuwa hafifu. Kisha kulikuwa na siasa ya kazi yenyewe. Mwalimu aliyeajiriwa na serikali kwa mkataba, hata kama karatasi inasema ni wa muda, anajua kwamba kuna chama cha walimu kitakachompigania, na chama kilimpigania kweli. Septemba 2011 walimu waligoma, na mojawapo ya madai yao makubwa lilikuwa wale 18,000 wapewe ajira ya kudumu. Serikali ikakubali. Binafsi sioni ubaya kwa mwalimu kutaka kazi ya kudumu, ningekuwa yeye ningeidai pia. Ninachosema ni kwamba jaribio la awali halikuwa na chama ndani yake, wala halikuwa na ofisi ya mishahara ya wizara. Kwa hiyo tulipouliza kama walimu wa mkataba wanafaa, tulikuwa tumeuliza nusu ya swali.

Kuna waliochukua kisa hicho kama ushahidi kwamba serikali haiwezi. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni Tusome, mpango wa kitaifa wa kuwafundisha watoto kusoma.

Kabla ya Tusome kulikuwa na majaribio ya miaka mitatu hivi, kuanzia 2011, ya kufundisha kusoma katika madarasa ya kwanza ya shule ya msingi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Yalidhaminiwa na Marekani, lakini waliotembelea madarasa walikuwa waajiriwa wa serikali: washauri wa walimu ambao tayari walikuwa kwenye orodha ya mishahara. Hapo ndipo siri ilipo. Watafiti walijaribu yale ambayo afisa wa kawaida angeweza kuyafanya Jumatatu asubuhi, wakagundua na vikwazo vyake mapema. Kikwazo kimojawapo kilikuwa nauli. Mshauri hakuzuru shule za mbali kwa sababu alitoa pesa mfukoni mwake, na aliporudishiwa nauli, alizuru. Hakuna nadharia ndefu hapo. Mpango ulipopanuliwa mwaka 2015 ukafika shule zaidi ya 20,000 za umma, kila mtoto alipata kitabu chake, mwalimu alipata mwongozo, na mshauri aliingia darasani kumtazama akifundisha. Uwezo wa watoto kusoma ulipanda, safari hii kwenye mfumo wa serikali wenyewe.

Katika majaribio yayo hayo kuna kipande ambacho kilipaswa kusikika zaidi. Kabla ya uchaguzi wa 2013 wananchi waliahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Wakati huohuo, huko Kisumu, watafiti walikuwa wakilinganisha njia tatu: kifaa cha kusomea kwa mtoto, kishikwambi kwa mwalimu, na kishikwambi kwa mshauri anayezunguka shule nyingi. Makundi yote matatu yaliwashinda wasiopata chochote. Lakini kumpa kila mtoto kifaa kuligharimu zaidi bila kuzaa matunda zaidi. Shilingi kwa shilingi, kifaa kimoja mkononi mwa mshauri kilikuwa na faida kuliko lundo la vifaa kwenye madawati. Ahadi ya kampeni ni kitu kizito, imeshasikika uwanjani na imeshapigiwa makofi. Nimewasikia watafiti wakiidharau, nami huwaambia waiheshimu, kwa sababu ni mkataba na mpiga kura. Kazi ya ushahidi ni kumsaidia kiongozi kutimiza kiini cha ahadi yake, ambacho ni mtoto ajue kusoma, kwa njia itakayofanikiwa. Mara nyingi ushahidi huchelewa kumpa njia hiyo, naye huishia kutekeleza maneno ya ahadi neno kwa neno.

Vyandarua vya mbu vina simulizi yenye afueni zaidi. Jaribio la Kilifi katikati ya miaka ya 1990 lilionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa karibu theluthi moja. Mabishano yakahamia kwenye bei: vitolewe bure, au watu wavinunue japo kwa pesa kidogo ili wavithamini? Hoja ya pili ilikuwa na wafuasi wengi wenye akili timamu. Kisha likafanywa jaribio katika kliniki za wajawazito magharibi mwa nchi: kupandisha bei kutoka bure hadi takriban shilingi 40 kulishusha idadi ya waliochukua kwa asilimia 60, na walionunua hawakuvitumia zaidi kuliko waliopewa bure. Kwa nini ushahidi huu ulisikika haraka? Nadhani ni kwa sababu jibu lake lilikuwa jambo ambalo wizara ilikwisha kulifanya. Mwaka 2006 ilikuwa imegawa mamilioni ya vyandarua bure. Swali la nani ataifanya lilikuwa limejibiwa kabla.

Hapa mjini tuna aina nyingine ya ushahidi, ambao hautoi pendekezo lolote bali hubadilisha macho. Kwa miaka mingi takwimu zilionyesha kwamba mtoto wa Nairobi ana nafasi nzuri ya kuishi kuliko mtoto wa mashambani. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano hapa vilikuwa 62 kwa kila 1,000 wanaozaliwa, mashambani 113. Mwaka 2000 kituo cha utafiti cha APHRC kilihesabu mitaa ya mabanda peke yake. Kikapata 151. Watoto wa Korogocho walikuwa wamefichwa na wastani wa jiji lenye mitaa ya matajiri kama Lavington na Karen ndani yake. Kuanzia 2002, kwa miaka mingi, kituo hicho kilifuatilia kaya za mitaa ya Korogocho na Viwandani, nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Huwezi kuonyesha sheria moja ukasema ilitoka kwenye hesabu ile. Lakini leo afisa wa afya akizungumzia Nairobi kana kwamba ni mahali pamoja, kuna mtu mezani atakayemkatiza.

Kuna jambo linalonisumbua bado. Utafiti mwingi unaofanywa nchini hulipiwa na wafadhili wa nje, kwa hiyo swali na tarehe ya kumaliza hupangwa mbali na hapa. Tunazo taasisi zetu. KIPPRA iliundwa 1997 kwa kazi hiyo hiyo ya kuchambua sera, na Bunge lina ofisi yake ya bajeti inayowaeleza wabunge kile ambacho Hazina imewaletea. Ningependa kuona kaunti nazo zikitenga fedha zao wenyewe kuuliza maswali yao wenyewe, hata kama ni swali moja kwa mwaka.

Mwezi wa Agosti alinijia kijana mmoja mtafiti na matokeo yake kuhusu wajawazito wanaochelewa kuanza kliniki. Alikuwa amefika kwa wakati, nikafurahi. Nilimwomba aongeze mistari mitatu kwenye ukurasa wa kwanza: nani atafanya, analipwa kutoka kifungu gani cha bajeti, na akihamishwa kazi inashikwa na nani. Akasema, "Sawa, Daktari, nitarudi nayo." Alirudi Alhamisi. Mstari wa kwanza ulikuwa na cheo kamili, wa pili ulikuwa na nambari ya kifungu. Wa tatu aliuacha wazi, na pembeni akaandika kwa penseli: niwaulize wauguzi. Tulipanda matatu hadi zahanati moja ya kaunti huko Eastlands, tukakaa kwenye benchi pamoja na akina mama, tukasubiri muuguzi wa zamu amalize foleni.