Ishara za wakati na ishara za udhibiti kati ya kompyuta na terminali

Mtu anayefanya kazi kwenye dirisha la amri la Linux akibonyeza Ctrl pamoja na S, kwa mazoea ya kuhifadhi faili aliyoyapata kwenye programu nyingine, huona skrini imeganda. Huchapa na hakuna herufi inayotokea, mpaka abonyeze Ctrl pamoja na Q, ndipo yote aliyoyachapa yanapomiminika kwa mkupuo. Kompyuta haikuharibika. Imetii agizo la kusitisha utumaji, ambalo asili yake ni enzi ambapo skrini na kibodi vilikuwa kifaa cha peke yake, kiitwacho terminali, kilichounganishwa kwa waya na kompyuta iliyokuwa chumba kingine au jengo jingine.

Katika waya huo husafiri herufi zinazosomwa na mtumiaji, pamoja na ishara asizoziona ambazo kazi yake ni kuongoza mawasiliano. Ishara hizo ni za namna mbili, na maelezo mengi huzichanganya. Za wakati hueleza herufi inaanza lini na kila biti, yaani kila 0 au 1 inayounda herufi, inadumu kwa muda gani. Za udhibiti hueleza kama mpokeaji yuko tayari kupokea.

Tuanze na wakati. Katika RS-232, kiwango cha kuunganisha vifaa kwa waya kilichotolewa Marekani mwaka 1960, terminali za kawaida hazikuwa na waya uliobeba mapigo ya saa ya pamoja. Kila upande ulitegemea saa yake wenyewe. Waya usipotumika hukaa kwenye volti hasi, na herufi inapokuja hutanguliwa na biti ya kuanzia, ambayo huubadilisha uwe volti chanya. Badiliko hilo ndilo ishara ya wakati: mpokeaji huanza kuhesabu hapo, akapima hali ya waya katikati ya kila biti inayofuata, hadi ifike biti ya kumalizia inayourudisha waya kwenye utulivu wake. Kwa kuwa hesabu huanza upya kwa kila herufi, saa hizo mbili zinaweza kupishana kidogo bila madhara. Zikiwekwa katika kasi tofauti, kwa mfano upande mmoja biti 9600 kwa sekunde na mwingine 4800, skrini hujaa takataka.

Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, biti moja hudumu mikrosekunde 104 hivi, na herufi moja yenye biti 10 kwa jumla, pamoja na zile za kuanzia na kumalizia, huchukua takriban milisekunde moja. Hivyo herufi 960 hufika kila sekunde, na skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja hujaa kwa sekunde mbili.

Hapo ndipo udhibiti unapohitajika. Mashine za kuchapia kwenye karatasi zilizotangulia skrini zilikuwa na kichwa cha chapa kilichohitaji muda kurudi mwanzo wa mstari, na kompyuta ilizoea kutuma herufi tupu ili kupoteza muda huo. Ilikuwa ni kukisia tu. Terminali ya VT100, iliyotolewa na Digital Equipment Corporation mwaka 1978, haikuhitaji kukisiwa, kwa sababu iliweza kusema imeelemewa. Ikiwekwa katika hali ya kusogeza maandishi juu taratibu, ilimudu mistari 6 tu kwa sekunde, ilhali kwa kasi ya 9600 kompyuta iliweza kuleta mistari 12 iliyojaa. Ziada ilisubiri katika hifadhi ya muda, ambayo mafundi huiita bafa, yenye nafasi za herufi 64. Herufi 32 zilipojaa, terminali ilituma msimbo uitwao XOFF, yaani simama. Zilipopungua hadi 16, ilituma XON, yaani endelea.

Kwa nini isingoje bafa ijae kabisa? Kwa sababu agizo huchukua muda kufika na kutiiwa, na wakati huo herufi nyingine zimo njiani. Nafasi 32 zilizobaki hujaa kwa milisekunde 33 hivi, na huo ndio muda wote ambao kompyuta ilipewa kunyamaza kabla herufi hazijaanza kupotea.

Katika ASCII, mpangilio unaoipa kila herufi na kila msimbo namba yake, XON ni namba 17 na XOFF ni 19. Kitufe cha Ctrl hupunguza 64 kutoka namba ya herufi kubwa: S ni 83, kwa hiyo hutoa 19, na Q ni 81, kwa hiyo hutoa 17. Ndiyo sababu ya vitufe vile viwili.

Njia hii ina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba agizo hupita katika njia ileile ya data. Faili ya picha au ya programu yenye thamani 19 ndani yake huweza kuusimamisha mtiririko bila mtu kuagiza. Kwa sababu hiyo vifaa vingi, hasa modemu za kasi, yaani vifaa vya kupitisha data kwenye laini ya simu, vilitumia nyaya za pembeni za RTS na CTS, ambazo huruhusu au kuzuia utumaji kwa kubadili volti tu. Kwa anayesumbuliwa na kuganda kwa dirisha la amri, amri ya stty -ixon huzima udhibiti wa XON na XOFF katika dirisha hilo, na Ctrl pamoja na S hubaki huru kwa matumizi mengine.