Ujasiri wa Kiongozi Wakati wa Shinikizo: Dhana Potofu na Ukweli wa Kenya ya 2017

Ijumaa ya tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu wa Kenya David Maraga alitangaza uamuzi wa Mahakama ya Juu kwamba uchaguzi wa urais uliofanyika tarehe 8 Agosti ulikuwa batili, na kwamba ni lazima urudiwe katika muda wa siku 60. Haikuwa imewahi kutokea barani Afrika mahakama ikafuta ushindi wa Rais aliyeko madarakani. Tangu siku hiyo, kila panapozungumzwa uadilifu wa viongozi katika ukanda wetu, jina la Maraga hutajwa, na mara nyingi hutajwa kana kwamba alizaliwa na moyo wa simba. Sifa anazistahili. Hata hivyo, namna tunavyomsifu imezaa dhana kadhaa ambazo, tukiziamini, zitatufanya tushindwe kumtambua kiongozi mwadilifu hata akiwa mbele ya macho yetu.

Dhana: Kiongozi jasiri haogopi

Alasiri ya siku ileile ya uamuzi, baada ya kulihutubia taifa na kusema kwamba angeuheshimu, Rais Uhuru Kenyatta aliwaambia wafuasi wake katika soko la Burma jijini Nairobi kwamba majaji wale walikuwa wakora. Waandamanaji walifika hadi kwenye jengo la mahakama, na vitisho dhidi ya majaji vikazagaa mitandaoni. Tarehe 19 Septemba, Maraga alijitokeza kwa niaba ya Tume ya Huduma za Mahakama akasoma taarifa. Alisema waziwazi kwamba majaji na watumishi wa mahakama walikuwa wakitishwa, na kwamba Inspekta Jenerali wa Polisi alikuwa amepuuza maombi ya mara kwa mara ya kuongezewa ulinzi. Kisha akasema kwamba majaji walikuwa tayari kulipa gharama ya juu kabisa ili kuilinda Katiba.

Watu wengi hukumbuka sentensi hiyo ya mwisho tu, lakini kwangu mimi uzito uko katika yale yaliyotangulia. Mtu asiyeogopa haombi ulinzi. Maraga aliuomba, na aliponyimwa akalisema jambo hilo hadharani huku akitaja ofisi iliyopaswa kuwajibika. Hofu inayofichwa humwacha mtu peke yake na wale wanaomtisha. Ikitamkwa mbele ya umma, wanaotisha hulazimika kutenda mbele ya mashahidi.

Hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Jioni ya tarehe 24 Oktoba, dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alipigwa risasi jijini Nairobi na kujeruhiwa vibaya. Kesho yake mahakama ilikuwa isikilize ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio uliopangwa kufanyika tarehe 26. Katiba inataka akidi ya majaji watano kati ya saba, na asubuhi hiyo walifika wawili tu, Maraga na Isaac Lenaola. Mwilu hakuwa katika hali ya kuketi, mwenzao mmoja alikuwa nje ya nchi kwa matibabu, na kwa wengine pia sababu zilitolewa. Sioni haki ya kumhukumu yeyote kati yao. Ombi halikusikilizwa na uchaguzi ukafanyika. Pale sheria inapodai watu watano, ujasiri wa wawili hautoshi, na kwa hiyo kuitegemeza nchi nzima juu ya ushujaa wa mtu mmoja ni hatari.

Dhana: Ujasiri huja siku ya tukio

Mwaka 2016, alipokuwa akihojiwa kwa ajili ya nafasi ya Jaji Mkuu, Maraga, ambaye ni Mwadventista Msabato, aliulizwa angefanya nini iwapo kesi ya urais ingeangukia siku ya Jumamosi. Swali halikuwa la mzaha, kwa sababu Katiba inaipa mahakama siku 14 pekee kuamua kesi hiyo tangu inapowasilishwa. Alijibu kwamba ingekuwa vigumu sana kwake kuketi siku ya Sabato, na kwamba afadhali angezungumza na wenzake ili wamruhusu asiketi siku hiyo. Jibu hilo lingeweza kumkosesha kazi, na bila shaka alilijua hilo. Kesi ilipofika mwaka uliofuata, kikao cha matayarisho kilifanyika Jumamosi jioni, jua likiwa limekwisha kutua.

Mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba yuko tayari kuikosa nafasi kubwa kuliko kusema uongo mdogo amejizoeza kabla ya mtihani wenyewe. Kiongozi anayesubiri jambo kubwa ndipo awe mkweli hujikuta hana alichojizoeza, kwa kuwa miaka yote amekuwa akilegeza kidogo hapa na kidogo pale, tena kwa sababu ambazo kila moja ilionekana ya busara.

Dhana: Mwadilifu ni yule anayempinga mwenye mamlaka

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayotudanganya zaidi. Tarehe 20 Novemba 2017, mahakama ileile, chini ya Maraga yuleyule, iliidhinisha kwa kauli moja ushindi wa Kenyatta katika uchaguzi wa marudio. Baadhi ya waliomwita shujaa mwezi Septemba walimwona msaliti.

Lakini ukisoma sababu za uamuzi wa kwanza, utaona kwamba haukuwa hukumu dhidi ya Rais. Majaji wanne walio wengi, yaani Maraga, Mwilu, Smokin Wanjala na Lenaola, hawakumtia Kenyatta hatiani kwa kosa lolote. Kosa waliliona kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka: matokeo hayakupeperushwa kama sheria ilivyotaka, na mahakama ilipoamuru seva za tume zifunguliwe zikaguliwe, amri hiyo haikutekelezwa kikamilifu. Majaji wawili, Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u, walipinga uamuzi huo na wakaandika sababu zao kwa kirefu. Nao pia walifanya kazi yao ya kiapo. Kinachompima jaji ni kama sababu zake ziko wazi kwa kila mtu kuzisoma na kuzikosoa, wala si nani ameshangilia.

Tukumbuke pia kwamba shinikizo halikutoka Ikulu peke yake. Waangalizi wa kimataifa wenye majina makubwa walikuwa wameusifu uchaguzi wa Agosti kabla ushahidi haujachunguzwa. Kutofautiana na watu unaowaheshimu kunaweza kuwa kugumu kuliko kutofautiana na anayekutukana.

Dhana: Kujiuzulu ni kukimbia

Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania baada ya mahabusu kufia mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Hakuwatesa yeye, lakini wizara ilikuwa yake. Leo wengi husimulia kisa hiki kwa kuharakia mwaka 1985, alipokuwa Rais, kana kwamba kujiuzulu kulikuwa ngazi ya kupandia. Siku alipoondoka hakuna aliyemwahidi lolote.

Dhana: Gharama humwangukia kiongozi mwenyewe

Humwangukia, ndiyo, lakini sehemu kubwa huwaangukia wengine. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41 wateuliwe, na Rais akakataa kumteua hata mmoja. Maraga alilalamika hadharani mara kadhaa, akastaafu Januari 2021 kabla hata mmoja hajaapishwa. Mwezi Juni mwaka huo, mmoja wao akiwa amekwisha kufariki, 34 waliteuliwa na sita wakaachwa, na hao sita waliapishwa Septemba 2022, Rais mwingine alipoingia madarakani. Katika kipindi hicho chote kesi za ardhi, za mirathi na za kazi ziliendelea kurundikana mbele ya majaji wachache. Wenye kesi hizo hawakuwahi kuulizwa kama wako tayari kulipia uhuru wa mahakama, na sijasikia popote wakitajwa pale majasiri wa mwaka 2017 wanapopongezwa.