Chaneli 1408 za Nini?

Wiki iliyopita kijana mmoja tuliyepima naye viwanja kule Nala alinipigia simu akiwa dukani Kariakoo. "Mzee, shikamoo. Kuna GPS mbili hapa, moja ina chaneli 555, nyingine 1408. Nibebe hii ya 1408, au sio?" Nikamuuliza, zinapokea masafa gani? Kimya. Nikasikia anamuuliza muuzaji. Muuzaji naye kimya.

Tangu serikali ihamie Dodoma na kila pori ligeuke kiwanja, swali hili naulizwa kila mara, kwa hiyo leo naliandika.

Chaneli ni sehemu ndani ya kipokezi inayoshughulikia wimbi moja kutoka setilaiti moja. Ukiwa na redio moja husikilizi stesheni nne kwa mpigo. Vipokezi vya mwanzo vilikuwa hivyohivyo: chaneli moja au mbili, kinasikiliza setilaiti hii kidogo, kinarukia ile, kinarudi. Na setilaiti nne ndizo za lazima ili upate ulipo, mwinuko wako, na kusahihisha saa ya kifaa chenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaenea GPS za mkononi zenye chaneli 12 zinazofanya kazi kwa pamoja, na kwa mfumo wa Marekani peke yake 12 zilitosha, maana ni nadra kuwa na setilaiti zake zaidi ya hapo juu ya kichwa chako kwa wakati mmoja.

Kilichoongezeka ni mifumo. Kuna GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya, na BeiDou ya Uchina iliyokamilika mwaka 2020. Simama peupe hapa Dodoma, jumlisha yote minne, utapata setilaiti thelathini na ushee. Kila moja hutuma mawimbi kwenye masafa mawili au matatu, na kila wimbi linakula chaneli yake. Sasa piga hesabu: 35 mara 3 ni 105. Zinazobaki katika zile 1408 zimekaa kama viti vya harusi iliyokwisha. Sisemi hazina kazi kabisa. Ukiwasha kifaa, chaneli za ziada husaidia kuzisaka setilaiti haraka. Lakini kati ya 555 na 1408, shambani hutaona tofauti. Tena baadhi ya chaneli zinatajwa kwa ajili ya WAAS na EGNOS, huduma za marekebisho za Marekani na Ulaya ambazo hazikutengenezwa kwa eneo letu.

Mifumo mingi ina faida yake pale anga linapozibwa. Ukiweka bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, chini ya yale majabali yetu, nusu ya anga imekwenda, na ukiwa na GPS ya Marekani tu unaweza kubaki na setilaiti tatu. Kwenye mashamba ya zabibu, ambako hakuna cha kukuziba, faida hiyo huioni sana.

Linaloniuma zaidi mimi ni masafa. Mawimbi yakipita kwenye ionosfea, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, hucheleweshwa, na kila masafa hucheleweshwa kwa kiasi chake. Kipokezi cha L1 na L2, au L1 na L5 (hayo ni majina ya masafa ya GPS), hulinganisha tofauti hiyo na kuondoa sehemu kubwa ya kosa. Cha L1 tu kinakisia. Na sisi tuko pabaya. Ikweta ya sumaku haipiti kwetu, inapita Ethiopia, na Dodoma imekaa karibu na ukanda wa kusini mwa ikweta hiyo, ambako elektroni, hizo chembe zinazochelewesha mawimbi, hurundikana. Jua likizama, hasa miezi ya Machi na Septemba, mawimbi huanza kupepesuka, na rova, kile kipokezi unachotembea nacho shambani, iliyokuwa imetulia mchana kutwa inapoteza setilaiti moja baada ya nyingine. Kazi ya sentimita imalize kabla ya magharibi.

Nami niliwahi kuuziwa. Kipeperushi kiliandikwa chaneli 220 na mifumo yote. Kufika saiti, Galileo haionekani. Kumbe chaneli zipo ila zimefungwa, na msimbo wa kuzifungua unalipiwa peke yake! Hilo la msimbo dukani sikuambiwa.

Kwa hiyo kijana nilimwambia hivi: toka na kifaa nje, mbali na ukuta, kiwashe na ukipe muda. Kikiwa kipya kabisa usikiharakishe, kwa sababu almanaka nzima ya GPS, yaani ratiba ya setilaiti zote, huchukua dakika 12 na nusu kushuka kutoka angani. Kisha fungua ukurasa wa setilaiti. Tazama kama mifumo yote minne ipo, na kama mbele ya kila setilaiti kuna nguvu ya wimbi kwa L1 na kwa masafa ya pili pia. Muuzaji akikataa kukitoa nje, nenda duka la jirani.