Baba wa miaka 16: maswali matatu ambayo familia zetu huyachanganya

Kwa kawaida wanakuja Jumapili baada ya ibada, kwa sababu siku hiyo baba mwenye nyumba hawezi kusema kwamba yuko kazini. Msafara huwa na shangazi wawili au watatu, mjomba mmoja, mara nyingine jirani anayeheshimiwa, na katikati yao msichana aliyeinamisha kichwa akiwa na mfuko wa nguo mkononi. Wanapewa viti chini ya mwembe, wanakataa maji, kisha msemaji wao anatamka maneno ambayo kila mzazi wa Katuba, Kenya au Ruashi, komini (wilaya za mji) za Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayelea mvulana anayaogopa: «Tunakuya kubaonyesha kazi ya mutoto wenu», yaani mimba ya huyo msichana. Mtoto huyo anayesemwa ana miaka 16. Yuko ndani, nyuma ya pazia, na hakuna atakayemwita mpaka watu wazima wamalize kugombana.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hapa Lubumbashi kwa miaka mingi, kwanza upande wa materniti (hospitali ya uzazi), baadaye katika kupatanisha familia, na vikao vya namna hii nimeketi ndani yake mara nyingi. Leo nataka kuandika juu ya yule aliye nyuma ya pazia. Juu ya msichana kumeandikwa mengi, ingawa bado hayatoshi: uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa Kongo wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Kifaransa cha mjini kimempa hata jina, fille-mère (msichana-mama), na jina hilo humfuata mpaka mwanawe anapokuwa mtu mzima. Mvulana hana jina. Katika kikao anaitwa «mwenye mimba», kwa maana ya mdaiwa, na siku deni linapolipwa jina lenyewe nalo linakwisha, kana kwamba ubaba umekwisha pamoja nalo.

Kabla sijaendelea, lazima niweke mpaka mmoja. Ninayemzungumzia ni kijana aliyempa mimba msichana wa rika lake, mwenzake wa darasa au wa kwaya, bila nguvu wala vitisho. Mwalimu, mchungaji, baba mdogo au mfanyabiashara wa miaka 35 aliyempa mimba mtoto wa miaka 15 hayumo katika makala haya. Huyo anaangukia katika sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono, na familia inayopokea mbuzi na vitenge ili kumnyamazia inamwacha huru aende kwa mtoto mwingine. Nalisema hilo waziwazi kwa sababu nimeona upatanishi ukitumika kumficha mtu mzima, na sishiriki katika kikao cha aina hiyo.

Sasa turudi chini ya mwembe. Katika kikao hicho kuna maswali matatu, na shida yetu kubwa ni kwamba tunayauliza kwa pamoja kama swali moja. La kwanza: je, hawa wawili wataoana? La pili: familia ya mvulana italipa nini? La tatu: je, mtoto atakayezaliwa ana baba? Wazee wanajadili mawili ya kwanza hadi jioni, wanapandisha sauti, wanashuka, wanapatana, wanapeana mikono, na wanaporudi nyumbani wanaamini kwamba la tatu limejibiwa. Halijajibiwa. Mara nyingi halikuulizwa kabisa.

Kuhusu ndoa sitakaa sana, kwa kuwa sheria yenyewe haina utata. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliweka miaka 18 kwa msichana na kwa mvulana, na sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 2009 ilikuwa imekwisha kukataza ndoa ya watoto. Hata hivyo, desturi ya kumleta msichana na kumwacha pale pale kwa familia ya mvulana inaendelea, na kila mtu anaiita ndoa ijapokuwa hakuna mahari, hakuna hati, wala hakuna wenye ndoa waliokubaliana. Nimewatembelea wasichana walioachwa hivyo. Wanaamka kabla ya wote, wanachota maji, wanasonga bukari ya watu tisa, wanafua nguo za mashemeji, na usiku wanalala na wadogo wa mvulana kwa sababu hakuna chumba. Yule anayeitwa mume bado analala na kaka zake. Huyo msichana amekuwa mtumishi wa mama mkwe asiye mkwe, na mwezi wa saba au wa nane, anapopatwa na maumivu ya kichwa, kuvimba uso na kuona maluweluwe, hana wa kumwambia. Hizo ni dalili za shinikizo la damu la ujauzito, na wasichana wadogo walio na mimba ya kwanza wamo miongoni mwa wanaopatwa nalo zaidi. Anayeziona dalili hizo anapaswa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Amande, yaani faini ambayo familia ya msichana inaidai kwa familia ya mvulana, ni jambo gumu zaidi, na sitaki kuidharau. Wazee wanaodai amande hawatafuti pesa tu. Wanadai kwamba heshima ya nyumba yao itambuliwe, kwamba mtu fulani akiri mbele ya mashahidi kuwa binti yao hakujipa mimba mwenyewe, na mara nyingi fedha hiyo ndiyo itakayonunua nguo za mtoto na kulipa materniti. Haya yote nayaheshimu. Ninachokipinga ni namna amande inavyofunga mlango. Baba wa mvulana anauza pikipiki, anakopa kwa ndugu wa Likasi, analipa, kisha anamwambia mwanawe: «Nimekwisha kukutoa katika jambo hili, sitaki tena kusikia unafika kule.» Upande wa pili mjomba naye anasema: «Wamelipa, wasitusumbue.» Pande zote mbili zimeridhika, na mtoto ambaye hajazaliwa amepoteza baba kwa mapatano ya watu wema.

Hapa Lubumbashi jambo hili lina uzito wake wa pekee, kwa sababu mji wetu ulijengwa na watu waliokuja migodini kutoka koo zisizohesabu ukoo kwa njia moja. Kwa Waluba wa Katanga mtoto ni wa upande wa baba. Kwa Wabemba, Walamba na Wasanga mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Familia mbili zinapokutana, moja ya desturi hii na nyingine ya desturi ile, kila moja inasema lugha yake bila kujua. Nkambo (babu au bibi) wa Kibemba anaposema «mutoto ni wetu», hafukuzi mtu, anatamka tu jambo analoliona la kawaida tangu azaliwe. Lakini baba Mluba anasikia kwamba damu yake imekataliwa, anainuka kwa hasira, na kijana aliye nyuma ya pazia anapata ruhusa ya kukimbia. Nimejifunza kuuliza mapema kabisa: nyumbani kwenu, mtoto anahesabiwa wapi? Swali hilo moja limewahi kutuliza kikao kilichokuwa karibu kufika polisi.

Na kuhusu polisi, wazazi wajue kwamba kijana wa chini ya miaka 18 hafungwi pamoja na watu wazima. Sheria ya 2009 iliunda mahakama za watoto. Aliye chini ya miaka 14 hawezi kuchukuliwa kuwa mkosaji wa jinai hata kidogo, na aliye kati ya miaka 14 na 18 anasikilizwa na hakimu wa watoto. Anayewatisha kwa selo ili mlipe haraka anatumia woga wenu.

Tufike kwenye swali la tatu. Kanuni ya Familia, kifungu cha 591, inasema kwamba kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Nimewasomea wazee maneno hayo mara nyingi, na kila mara kunakuwa kimya, kwa kuwa wanatambua kwamba sheria imetenganisha walichokiunganisha wao: mtu anaweza kuwa baba bila kuwa mume. Mtoto aandikishwe katika ofisi ya etasivili (uandikishaji wa vizazi na ndoa) ya komini ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na aliyezaliwa nje ya ndoa atambuliwe na baba yake kwa tangazo rasmi ndani ya miezi 12. Hatua hiyo haimlazimishi mtu kuoa, haifuti amande wala haiongezi. Inampa mtoto jina la baba na haki sawa na za ndugu zake watakaozaliwa baadaye.

Lakini karatasi peke yake haitoshi, na hapa nataka kumtetea kijana, jambo ambalo wengine hawalipendi. Mvulana anayekataa mimba siku ya kwanza mara nyingi hajakataa mtoto, ameogopa. Ameitwa mbele ya watu kumi na wawili wenye hasira, baba yake ameshika mkanda, na swali analoulizwa ni «unakubali ao unakatala?», kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi. Kijana wa miaka 16 bado hana uwezo kamili wa kupima mambo ya mbele akiwa katika hofu, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayofanya kazi hiyo inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na zaidi. Ndiyo maana ninaomba asiulizwe siku hiyo. Aulizwe baada ya siku chache, na mtu mmoja anayemwamini, kaka mkubwa au babu, mahali ambapo anaweza kulia bila kuchekwa. Nimewaona wengi waliokana Jumapili wakakiri Alhamisi.

Familia nyingine zinamficha: anapandishwa basi la Kolwezi usiku, kwa mjomba, na shule inaishia hapo. Nyingine zinamwondoa shuleni kwa nia njema, zikisema kwamba aliyeanza mambo ya wanaume afanye kazi ya wanaume, na baada ya wiki mbili anapakua magunia ya unga ya malori yanayotoka Kasumbalesa au anashuka shimoni na wachimbaji. Ninaelewa hasira hiyo, ila hesabu yake ni mbaya. Kijana aliyebakiza miaka miwili afanye mtihani wa taifa, akiachishwa shule ili alete unga wa miezi michache, atabaki mbeba magunia mtoto wake atakapokuwa anaanza sekondari. Nyumba zote mbili zingesaidiana wasichana na wavulana hawa wamalize masomo, msichana kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayepoteza mwaka kwa lazima.

Kijana anaweza kufanya nini basi, ikiwa hana pesa na haishi na msichana? Mengi. Anaweza kumsindikiza kliniki ya wajawazito, apimwe naye virusi vya ukimwi, asikie mwenyewe maelezo ya mkunga. Anaweza kujifunza kumwogesha mtoto, kumbeba, kujua tarehe za chanjo. Watu wanaona haya ni mambo madogo ya kike. Utafiti uliofanyika Cebu nchini Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wanaume vijana kwa miaka kadhaa, na ukaonyesha kwamba waliokuwa baba walishuka kiwango cha testosteroni, homoni ya kiume, na kwamba waliotumia saa nyingi kila siku kumtunza mtoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko baba wasioshiriki kumtunza. Mwili wa mwanaume, kwa hiyo, unajipanga kwa ulezi pale anapolea. Tukimzuia kijana asimguse mwanawe mpaka mahari itimie, tunazuia jambo ambalo mwili wenyewe uko tayari kulianza.

Kwa sasa ninafuata familia mbili ambazo zilianza vibaya sana. Matusi yalisemwa, mfuko wa nguo uliachwa mlangoni siku nzima kwenye mvua. Mwishowe bibi wa pande zote mbili walikubaliana kukutana bila wanaume, na wakapanga kwamba msichana akae kwao, amande ilipwe kidogo kidogo kwa nguo na sabuni za mtoto, na kijana afike Jumatano baada ya shule na Jumamosi asubuhi. Miezi ya kwanza alikuwa akiketi ukingoni mwa kiti kama mgeni aliyekuja kudai. Siku hizi mtoto anamlilia anapoondoka, na mama wa msichana, ambaye alikuwa ameapa kutompa hata maji, humwekea sahani.

Kuandikishwa kwa mtoto kulifanyika ndani ya siku 90, lakini kwa jina la mama peke yake, kwa kuwa siku ile mabaki ya ugomvi yalikuwa bado moto. Wiki iliyopita kijana alinijia akiwa bado na sare ya shule, akaniuliza miezi 12 itatimia lini hasa. Tulichukua kalenda ya ukutani tukahesabu pamoja. Zilibaki siku 41. Baba yake atamsindikiza komini Jumatatu.