Ugali ni mkongwe kuliko mahindi

Watu wengi wa Kenya na Tanzania huamini kwamba ugali ni mahindi, na kwamba mahindi ni nafaka ya mababu. Ukweli ni kwamba ugali ni namna ya kupika: maji huchemka, uji mwepesi hutangulia, kisha unga huongezwa kidogo kidogo huku mwiko ukisonga, mpaka donge liachie kingo za sufuria na ukoko ushike chini. Kwa karne nyingi unga huo ulikuwa wa mtama, uwele au ulezi, nafaka zilizoanza kulimwa hapahapa Afrika. Wagogo wa Dodoma bado husonga ugali wa uwele na kuula kwa mlenda, na Wakisii wana ugali wao wa wimbi, mweusi na mzito, ambao mgeni akiuona kwa mara ya kwanza hudhani umeungua.

Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Mexico yapata miaka 9,000 iliyopita, na hayakuvuka bahari ya Atlantiki ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Hata muhogo, ambao unga wake husongwa sana kandokando ya Ziwa Victoria, asili yake ni Amerika ya Kusini.

Hapo ndipo jina linapotupotosha, kwa kuwa wapo wanaosema kwamba mahindi yaliitwa hivyo kwa sababu chimbuko lake ni India. Jina la zao lililokuja kwa meli hueleza tu mahali ambapo watu walidhani limetoka: Waitaliano huyaita nafaka ya Kituruki, na Waturuki nao huyaita kwa jina la Misri.

Wengine husema mahindi yalishinda mtama kwa utamu, jambo ambalo mtu aliyelelewa kwa ugali wa mtama hawezi kulikubali. Kilichoyabeba zaidi ni kazi ya ujira. Katika mashamba ya walowezi na kwenye mashamba ya mkonge, kibarua alipewa posho ya unga wa mahindi, na nchini Uganda chakula chenyewe huitwa posho mpaka leo. Shambani nako, gunzi hufunikwa na maganda yake, ilhali suke la mtama liko wazi na linahitaji watoto wa kuamia ndege tangu alfajiri hadi jioni. Watoto walipopelekwa shule, kazi hiyo ikakosa mwenyewe.

Dhana nyingine ni kwamba mahindi ya njano ni chakula cha mifugo. Weupe tunaoupenda ulichangiwa na soko: mwanzoni mwa karne ya 20 wanunuzi wa Uingereza, waliotaka mahindi ya kutengenezea wanga, walipendelea meupe, na walowezi wa Kenya wakapanda mbegu nyeupe kama Hickory King, ambayo asili yake ni Marekani. Ya njano yakaja baadaye kama msaada wakati wa njaa, na wazee wa Tanzania wanaokumbuka unga wa yanga hukunja uso wakiutaja. Lakini rangi hiyo ya njano hubeba viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na mahindi meupe karibu hayana kabisa.

Kuhusu sembe, wengi huiona kuwa safi kuliko dona, na mgeni akiandaliwa dona mwenye nyumba huomba radhi. Kukoboa hakuongezi usafi wowote. Huondoa pumba na kiini, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Kiini ndicho chenye mafuta, na mafuta ndiyo yanayofanya dona ichache mapema, kwa hiyo sembe humfaa zaidi mwenye duka anayetaka unga ukae rafuni miezi kadhaa. Anayekula dona husaga debe moja moja, na kurudi mashineni likiisha.